Usalama wa Mionzi Kwenye Eksirei: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa na Mhudumu

Mionzi mingi inayomfikia mhudumu wa eksirei kazini hutoka mwilini mwa mgonjwa. Watu hushangaa wakisikia hivyo, wakiwemo wenzetu waliokaa kazini miaka mingi. Mwale unaotoka kwenye bomba la mashine huelekezwa sehemu moja tu. Ukishaingia mwilini, sehemu yake kubwa humezwa na nyama na mifupa, sehemu ndogo hupenya hadi kwenye kipokezi na kuchora picha, na iliyobaki hutawanyika pande zote za chumba kama mwanga wa tochi unapogonga ukuta mweupe. Kwa makadirio tunayotumia kazini, aliyesimama mita 1 kutoka kwa mgonjwa hupata takriban sehemu 1 kwa 1,000 ya kile kilichoingia kwenye ngozi ya mgonjwa.

Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo. Unachompunguzia mgonjwa, umejipunguzia na wewe, na umempunguzia muuguzi aliye karibu na mama aliyemshika mtoto wake. Kwa hiyo sitaandika orodha mbili, moja ya mgonjwa na nyingine ya mhudumu. Nitaifuata picha moja tangu fomu inapofika mezani hadi mgonjwa anapofungua mlango kutoka. Kama wewe ndiye unayepigwa picha, soma vilevile. Mengi ya haya una haki ya kuyauliza.

Kwanza, tunashughulika na nini

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua eksirei mwezi Novemba 1895. Haikuchukua muda madhara yakaanza kuonekana. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison nchini Marekani, alikuwa akijaribu mabomba ya eksirei kwa kuweka mikono yake mwenyewe mbele ya mwale. Iliungua, ikaota saratani, ikakatwa, na mwaka 1904 akafariki. Namtaja kwa sababu mazoea ya kuingiza mkono kwenye mwale hayajaisha, na nitayarudia tukifika kwenye fluoroskopi, yaani eksirei inayoonesha picha mfululizo kwenye skrini.

Mashine ya eksirei hutoa mionzi pale tu kitufe kinapobonyezwa. Ukiachia kitufe, mionzi imekwisha, kama taa iliyozimwa. Haibaki hewani, haibaki kwenye shuka wala kwenye kuta, na mgonjwa hatoki chumbani akiwa na mionzi mwilini.

Dozi tunaipima kwa milisiveti. Kila binadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani, kwenye chakula na hewa anayovuta, na wastani wa dunia ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka. Eksirei ya kifua ya mtu mzima iliyopigwa vizuri ni kama milisiveti 0.02, yaani sawa na mionzi ya asili ya siku 3. Eksirei ya pingili za kiuno hufika karibu 1.5. CT skani ya tumbo inaweza kufika 8 au zaidi, na hiyo ni zaidi ya miaka 3 ya mionzi ya asili. Tofauti hizi ni kubwa mno. Anayesema "eksirei ni eksirei tu" hajaziangalia namba.

Madhara yako ya aina mbili. Yapo yanayotokea dozi ikivuka kiwango fulani: ngozi kuwa nyekundu, nywele kunyonyoka, mtoto wa jicho. Haya hayatokei kwa picha za kawaida, ila yanaweza kutokea kwenye taratibu ndefu za fluoroskopi. Aina ya pili ni saratani. Hapa hatuzungumzii kizingiti, tunazungumzia uwezekano. Kwa ajili ya kinga tunachukulia kwamba kila dozi, hata ndogo, inaongeza uwezekano huo kidogo, na kwamba mtoto yuko hatarini kuliko mtu mzima, kwa sababu seli zake zinagawanyika kwa kasi na ana miaka mingi mbele yake.

Hatua ya 1: Fomu ikifika, uliza kama picha inahitajika

Picha isiyohitajika haina dozi iliyo salama. Hata ukiipiga kwa ustadi wote, umempa mgonjwa mionzi bila faida.

Soma fomu. Ikiwa imeandikwa "eksirei ya kiuno" na hakuna neno jingine, haijatosha. Unataka kujua dalili ni zipi na daktari anatafuta nini. Mtu mwenye maumivu ya kiuno ya siku chache, asiye na homa, hajaanguka, miguu haijafa ganzi, hajapungua uzito, kwa kawaida picha haitabadilisha matibabu yake. Mawe kwenye kibofu cha nyongo huonekana vizuri zaidi kwa ultrasaundi, ambayo haina mionzi hii kabisa. Picha ya fuvu la kichwa baada ya kugongwa kidogo mara chache humwambia daktari anachotaka kujua kuhusu ubongo.

Kisha uliza kama picha hiyo haijapigwa tayari. Wagonjwa wanaohamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine hurudiwa picha zilezile kwa sababu tu bahasha ilisahaulika. Mwambie mgonjwa alete alizonazo, na wewe mgonjwa, zitunze na uzitaje hata usipoulizwa.

Ukiwa na shaka, piga simu kwa aliyeandika fomu. Najua foleni ni ndefu na daktari ana haraka. Piga tu. Nimeshaona simu ya dakika 2 ikibadilisha CT skani kuwa ultrasaundi, na nimeona daktari akishukuru.

Hatua ya 2: Hakikisha mtu ndiye, upande ndio, na uulize kuhusu mimba

Miaka yangu ya mwanzo kazini niliita jina mlangoni, akainuka mzee mmoja, nikampeleka kwenye stendi na kumpiga picha ya kifua. Alipomaliza kuvaa shati akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na goti langu utalipiga saa ngapi?" Jina la kwanza lilikuwa moja, watu walikuwa wawili. Dozi ile ilikuwa ndogo sana, lakini ilikuwa ya bure, na kama ingekuwa CT skani ya tumbo nisingejisamehe kirahisi.

Tangu hapo siulizi "Wewe ndiye fulani?" Mtu anayesikia kwa shida, au aliyechoka kusubiri, ataitikia chochote. Namwambia ataje mwenyewe majina yake yote na tarehe ya kuzaliwa, kisha anioneshe kwa mkono wake mahali panapomuuma. Ninalinganisha majibu na fomu. Akionesha goti la kushoto na fomu inasema kulia, nasimama hapo hapo hadi lijulikane.

Suala la mimba linahitaji faragha na lugha ya heshima. Kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, kama picha inagusa eneo kati ya kiwambo cha tumbo na magoti, aulizwe. Usimuulize mbele ya mumewe, mama yake au foleni nzima. Mwite kando: "Dada, kabla sijaanza, kuna uwezekano wowote kwamba una mimba? Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?" Msichana mdogo aliyekuja na mzazi, mzazi aombwe kusubiri nje kidogo. Jibu la kweli halipatikani kwa haraka wala kwa sauti ya juu.

Akisema ndiyo, au hana hakika, usikimbilie kumfukuza. Rudi kwa daktari: picha inaweza kusubiri? Kuna njia nyingine? Kama ni ya lazima kwa uhai wake, inapigwa, kwa uangalifu mkubwa zaidi. Eksirei ya kifua, mkono au mguu humfikishia mtoto aliye tumboni dozi ndogo mno, chini ya miligrei 0.01 (miligrei ni kipimo cha mionzi iliyomezwa na mwili). Kasoro za kimaumbile hazitarajiwi kwa dozi iliyo chini ya miligrei 100 kwa kijusi, na vipimo vya kawaida vya picha, hata vya nyonga, kwa kawaida hubaki chini ya hapo. Naandika haya kwa msisitizo kwa sababu wapo wanawake walioambiwa watoe mimba kwa sababu ya eksirei moja iliyopigwa kabla hawajajua. Kwa dozi za namna hiyo, mionzi haiwi sababu ya kutoa mimba. Mama huyo anahitaji mtaalamu amkokotolee dozi na kumweleza kwa utulivu.

Hatua ya 3: Mwandae mgonjwa ili picha itoke mara moja

Kurudia picha ni kuzidisha dozi mara 2, na sababu zinazoongoza kwa kurudia ni mkao mbaya na mgonjwa kutikisika. Zote zinazuilika kabla ya kitufe.

Toa kila chenye chuma eneo linalopigwa: mkufu, sidiria, vibanio, simu kwenye mfuko wa shati. Mweleze atakachosikia na atakachotakiwa kufanya, kisha mfanyishe mazoezi ya pumzi mara moja: "Vuta pumzi ndani, ndani zaidi, izuie hapo hapo." Mwangalie kifua chake akifanya. Wapo wanaoinua mabega tu bila kuvuta hewa. Wapo wanaotoa pumzi wanapoambiwa waizuie. Ukiyaona haya kwenye mazoezi hutayakuta kwenye picha.

Fikiria pia uso upi wa mwili uelekee bomba. Ngozi na viungo vilivyo upande unakoingilia mwale ndivyo vinavyopata dozi kubwa, na kadiri unavyokwenda ndani inapungua. Msichana anayefuatiliwa kwa uti wa mgongo uliopinda hupigwa picha nyingi kwa miaka. Ukimpiga mwale ukiingilia mgongoni, matiti yake hupata dozi ndogo sana kuliko ukiingilia kifuani. Hivyohivyo kwa fuvu: mwale ukiingilia kisogoni, macho yanapona sehemu kubwa. Hakuna gharama yoyote, ni kumgeuza tu.

Hatua ya 4: Bana uwanja wa mwale

Kama ningeruhusiwa kumfundisha mwanafunzi jambo moja tu, lingekuwa hili.

Washa taa ya kolimeta, kifaa cha kubana mwale kilicho chini ya bomba, uangalie mraba wa mwanga juu ya mwili. Kila sentimita ya ngozi iliyoangaziwa itapata mionzi. Sasa jiulize: nahitaji kuona nini? Chukua picha ya pingili za kiuno. Ukiacha uwanja wazi kwa ukubwa wa kipokezi kizima, sentimita 35 kwa 43, umeangazia eneo la sentimita za mraba 1,505. Ukibana hadi 20 kwa 30, ni 600. Umeondoa asilimia 60 ya eneo kwa kuzungusha vitufe viwili, na kwa kuwa mtawanyiko unatokana na kiasi cha mwili kilichopigwa, nao unapungua karibu kwa kiasi hicho. Mgonjwa amepona, wewe umepona, na picha yenyewe inatoka safi zaidi kwa sababu mtawanyiko ndio unaoleta ukungu.

Mashine za kidijitali zimeleta tabia moja mbaya: kupiga uwanja mpana kisha kukata kingo kwenye skrini. Picha inaonekana kama ilibanwa, lakini mwili ulishapigwa. Ukiona kingo zenyewe za kolimeta ndani ya picha, hapo ndipo ujue mwale ulibanwa kweli. Na usibane hadi ukakata unachotafuta, maana picha ya kurudia inafuta faida yote.

Hatua ya 5: Chagua vigezo vya picha

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kila chumba kinapaswa kuwa na chati yake ya vigezo imebandikwa ukutani kwa unene na umri wa mgonjwa. Kilovolti (nguvu ya mwale) kubwa zaidi hupenya vizuri na kukuruhusu kupunguza miliampia-sekunde (kiasi cha mionzi), na ngozi hupata nafuu. Kwa kifua cha mtu mzima wengi hutumia kilovolti 100 hadi 125. Mgonjwa awe karibu na kipokezi, bomba liwe mbali naye. Kwa kifua umbali wa sentimita 180 umezoeleka. Chujio la alumini la jumla ya milimita 2.5 au zaidi lisiondolewe kamwe, kwa kuwa linanasa miale dhaifu ambayo ingeishia kwenye ngozi bila kufika kwenye picha. Kwa mtoto mchanga au kiungo chembamba, chini ya sentimita 10 hivi, toa gridi, yaani kichujio cha mtawanyiko kinachokaa mbele ya kipokezi. Gridi hukulazimisha kuongeza dozi mara 2 au zaidi, na kwa mwili mwembamba hakuna mtawanyiko wa kutosha kuihitaji.

Jambo moja halipitwi. Zamani za filamu, ukizidisha dozi picha ilikuwa nyeusi na kila mtu aliona kosa lako. Kwenye dijitali, ukipunguza mno picha inakuwa na chengachenga na daktari analalamika. Ukizidisha, inatoka nzuri na hakuna anayesema neno. Kwa hiyo dozi hupanda polepole, mwezi baada ya mwezi, bila mtu kukusudia. Dawa yake ni kuangalia kielelezo cha dozi ambacho mashine inaonesha pembeni ya kila picha. Kwenye mashine zenye kielelezo cha mkengeuko, 0 ni sawasawa na lengo, +3 maana yake kipokezi kimepata mara 2 ya kilichohitajika, na -3 ni nusu. Picha nzuri yenye +3 haihitaji kurudiwa, ila inahitaji kuulizwa imetokeaje.

Hatua ya 6: Kuhusu kumfunika mgonjwa risasi

Kwa miaka mingi tulifundishwa kufunika sehemu za siri za mgonjwa kwa kipande cha risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi. Ushauri umebadilika. AAPM, chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, kilitoa tamko mwaka 2019 kikisema zoea hilo liachwe kama utaratibu wa kawaida, na wataalamu wa nchi nyingine wamefuata. Sababu zao zinaeleweka. Mtawanyiko unaofika huko hupitia ndani ya mwili, na risasi iliyo juu ya ngozi haiuzuii. Kipande hicho mara nyingi hukaa vibaya na kuficha mfupa unaotafutwa. Na kikiingia mbele ya kihisi cha mashine inayojipimia yenyewe, mashine hudhani mgonjwa ni mnene na kuongeza dozi.

Kwa hiyo mgonjwa akiuliza "Mbona hunifuniki kama zamani?", usimjibu kwa mkato. Mweleze kwamba kubana mwale kunamkinga zaidi. Kama bado ana hofu na risasi haitagusa eneo la picha, wala kihisi, kumpa haina neno, mradi kanuni za kituo chako zinaruhusu.

Hatua ya 7: Nafasi yako wakati wa kubonyeza

Funga mlango. Taa ya onyo iwake. Simama nyuma ya ukuta au kioo cha risasi, mwili mzima, bila kuchungulia. Mwangalie mgonjwa kupitia kioo hadi picha ikamilike. Asiyehitajika chumbani atoke.

Kwenye wodi, na mashine ya kuhama, hakuna ukuta. Hapo kinga yako kuu ni umbali. Ukitoka mita 1 hadi mita 2, dozi inashuka hadi robo. Ukifika mita 3, ni sehemu 1 kwa 9. Vaa aproni ya risasi, vuta waya wa kitufe hadi mwisho wake, simama mita 2 au zaidi kutoka kwa mgonjwa, usiwe kwenye njia ya mwale, kisha tangaza kwa sauti: "Eksirei!" Subiri sekunde chache watu wasogee. Angalia mwale unaelekea wapi ukishampita mgonjwa. Ukipigwa kwa mlalo, usielekee kitanda cha jirani. Muuguzi wa wodini hana haja ya kukimbilia nje ya jengo kila anapoona mashine ikisukumwa, kwa sababu kwa umbali huo na mwale uliobanwa, anachopata ni kidogo sana. Mwambie hivyo, maana hofu nayo huwaacha wagonjwa mahututi bila mtu.

Kumshika mgonjwa ni suala linaloleta ubishi kazini. Anza na vifaa: mito ya mchanga, mikanda, sponji, nguo ya kumfungia mtoto. Vikishindikana, ashike mzazi au ndugu ambaye hana mimba, aliyevaa aproni, aliyeelekezwa asimame wapi na ashike wapi ili mikono yake iwe nje ya mraba wa mwanga. Mtumishi wa eksirei asiwe ndiye mshikaji wa kila siku. Mzazi atashika mara moja. Wewe ungeshika mara mia kwa mwaka.

Hatua ya 8: Fluoroskopi, ambako hatari halisi ipo

Picha ya kifua huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Fluoroskopi, kwenye chumba cha upasuaji wa mifupa au cha kuzibua mishipa ya moyo, inaweza kuwasha mwale kwa dakika nyingi, na wahudumu wamesimama pembeni kabisa ya mgonjwa. Kama kuna mahali ambapo mfanyakazi anaweza kukaribia mipaka ya dozi, na mgonjwa akaungua ngozi, ni hapa.

Bomba liwe chini ya meza, kipokezi juu. Mtawanyiko mkali zaidi hurudi upande mwale unakoingilia, kwa hiyo bomba likiwa chini, sehemu kubwa huelekea sakafuni na miguuni, ambako pazia la risasi la mezani linaikinga. Likiwa juu, unaupokea usoni. Mashine ikilazwa ipige kwa ubavu, hamia upande wa kipokezi. Nimewaona madaktari bingwa wamesimama upande wa bomba operesheni nzima kwa sababu tu ndiko kiti kilikowekwa.

Kipokezi kishushwe kigusane karibu na mgonjwa, bomba liwe mbali naye. Kanyaga pedali kwa vipindi vifupi. Picha ya mwisho inabaki kwenye skrini. Ifikirie hiyo huku mguu umeinuka. Chagua mipigo michache kwa sekunde, 7.5 au 15 badala ya 30, kila inapotosha. Ukuzaji wa picha huongeza dozi, basi utumie pale tu unapouhitaji. Na mikono isiingie kwenye mwale. Glavu ya risasi haiokoi mkono ulio ndani ya mwale, kwa sababu mashine huiona kama kizuizi na kuongeza nguvu.

Ngozi inaweza kuanza kuwa nyekundu dozi ikifika grei 2 (miligrei 2,000) mahali pamoja. Utaratibu ukirefuka, badilisha pembe kidogo ili mwale usiingilie mahali palepale. Mtu mmoja awe na kazi ya kutaja dozi kwa sauti kadiri inavyopanda. Vituo vingi hutumia grei 5 kwenye kisomo cha mashine kama alama ya kwamba mgonjwa lazima aelezwe na kufuatiliwa. Aambiwe ni eneo gani la kuangalia, mara nyingi ni mgongoni, na ngozi yake ikaguliwe ndani ya mwezi mmoja. Mtu asiyejulishwa hudhani ameumwa na mdudu, akapaka dawa isiyohusika kwa miezi.

Hatua ya 9: Aproni, kipima mionzi na mipaka

Aproni yenye kinga sawa na risasi ya milimita 0.5 huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mtawanyiko. Ongeza kola ya tezi ya shingo, na kwa fluoroskopi miwani ya risasi. Ukigeuka mara kwa mara, vaa inayozunguka hadi mgongoni. Aproni haikukingi na mwale wenyewe.

Itundike kwenye henga yake. Ikikunjwa au kutupwa juu ya kiti, risasi ndani yake hupasuka mahali pa mkunjo, na nje kitambaa kinabaki kizima, hivyo utaivaa ukiamini umekingwa. Angalau mara moja kwa mwaka ikaguliwe kwa fluoroskopi au ipigwe picha. Niliyowahi kukagua siku moja ilikuwa na ufa wa urefu wa kiganja sawia na kiuno, na ilikuwa ndiyo inayopendwa na wote kwa sababu ni nyepesi.

Kipima mionzi ni chako peke yako. Kama umepewa kimoja, kivae kifuani kwa namna kituo kilivyoelekeza. Kama ni viwili, kimoja huwa chini ya aproni na kingine kwenye kola, nje. Kisiachwe kwenye aproni iliyotundikwa chumbani, wala kwenye dashibodi ya gari juani. Na usikivue kwa hofu ya kuonekana umezidisha. Namba iliyofichwa haiwezi kumsaidia mtu.

Mipaka inayopendekezwa na ICRP, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka ndani ya miaka 5, bila kuvuka 50 katika mwaka wowote. Lenzi ya jicho nayo ni 20 kwa wastani huohuo, baada ya kushushwa mwaka 2011 kutoka 150. Ngozi na mikono ni 500. Mtu wa kawaida, kwa mfano anayekaa korido nyuma ya ukuta wa chumba chako, ni 1 kwa mwaka. Mfanyakazi wa eksirei ya kawaida anayefuata utaratibu hubaki mbali sana chini ya 20, kwa hiyo kisomo kikiruka ghafla, hata kikiwa bado chini ya mpaka, kitafutiwe sababu.

Mfanyakazi aliyepata mimba atoe taarifa mapema. Kuanzia hapo kazi zake zipangwe ili mtoto asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa muda uliobaki. Hilo mara nyingi halimlazimu kuacha kazi. Kupumzishwa fluoroskopi na picha za wodini kwa kawaida kunatosha.

Mgonjwa hana mpaka wa namna hii, kwa sababu kumnyima picha inayoweza kuokoa uhai wake kwa kuwa "ameshafika kiwango" kungekuwa kumdhuru. Kwake tuna viwango rejea: dozi za kawaida kwa kila aina ya picha, ambazo kituo hujilinganisha nazo. Ukizidi mara kwa mara, rudi kwenye hatua ya 4 na ya 5, kisha umwite mwanafizikia apime mashine.

Hatua ya 10: Baada ya picha

Rekodi dozi. Picha iliyokataliwa isifutwe kimyakimya: andika sababu yake, mkao, kutikisika, vigezo, au mashine, na mwisho wa mwezi mkae pamoja mzihesabu. Msimtafute wa kulaumiwa. Ikionekana picha za goti kwa ubavu zinarudiwa kuliko kitu kingine, basi kuna mtu anahitaji kuoneshwa mkao wa goti, na kazi imepatikana.

Kabla mgonjwa hajatoka, mpe nafasi ya kuuliza. Maswali huwa ni yaleyale. Mama anayenyonyesha anaweza kumnyonyesha mwanawe hapo hapo, maziwa hayajaguswa. Kunywa maziwa au maji mengi "kusafisha mionzi" hakuna kinachosafishwa, kwa sababu hakuna kilichobaki. Anaweza kumbeba mtoto na kulala na mwenzake kama kawaida. Na akiuliza ni dozi kiasi gani amepata, mtajie namba na umwambie ni sawa na siku au miezi mingapi ya mionzi ya asili, kisha umkabidhi picha yake na umwombe asiipoteze.